Ua la Usambara na Mti Ulio Juu Yake

Nimekuja na habari za mmea mdogo wa milimani, mdogo kiasi kwamba mtu mzima anaweza kupita kando yake miaka nenda miaka rudi asiuone, na hata hivyo ni miongoni mwa mimea ya Afrika Mashariki iliyosafiri mbali zaidi duniani.

Majani yake ni ya mviringo na yana vinyweleo laini. Yamelala karibu na mwamba, yamelizunguka shina fupi pande zote. Katikati huchomoza vikonyo vyembamba, na juu ya kila kikonyo hukaa maua machache ya rangi ya bluu inayoegemea urujuani. Kila ua lina petali tano, mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa zaidi. Katikati kabisa kuna vifuko viwili vya njano vilivyojaa chavua. Msituni kuna giza hata saa sita mchana, na katika giza hilo ile njano ndiyo jicho hukutana nayo kwanza, kisha ndipo unaiona bluu iliyoizunguka.

Wataalamu wa mimea waliliita ua hili Saintpaulia kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2015, baada ya kuchunguza vinasaba vyake, wakaliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Waingereza na Wamarekani huliita urujuani wa Afrika, na Wajerumani urujuani wa Usambara. Mimi leo nitaliita ua la Usambara, ingawa ndugu zetu wa Taita, Nguru na Uluguru wana haki ya kunilalamikia, maana liko kwao pia.

Milima hiyo yote ni ya safu moja, ile tunayoiita Tao la Mashariki. Inaanzia Taita kule Kenya, inapita Upare na Usambara, inashuka Nguru na Uluguru mpaka Udzungwa na Mahenge. Ni milima ya kale mno. Misitu yake imenyweshwa na upepo wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo nchi kavu iliyoizunguka ilikuwa ikikauka na misitu kurudi nyuma. Kila mlima ukabaki kama kisiwa, na kila kisiwa kikalea viumbe vyake. Ndiyo maana ua hili halina sura moja. Wataalamu leo huhesabu aina takriban kumi, na aina moja kati ya hizo, ionanthus, inagawanyika tena katika makundi kadhaa. Kule juu Uluguru, kwenye msitu wa baridi na ukungu, iko aina inayoitwa pusilla, ndogo kuliko zote. Amani, Usambara ya Mashariki, iko yenye shina refu linalotambaa juu ya mwamba. Shume, Usambara ya Magharibi, iko ya majani madogo. Na Taita iko moja ambayo duniani kote haipatikani porini isipokuwa huko. Hiyo nitairudia.

Sasa, jinsi ua hili lilivyotoka kwetu ni kisa kinachogusa lugha yetu kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka London sampuli iliyokaushwa. Mwaka 1887 akafuata mmisionari wa Kiingereza, William Ernest Taylor. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanamjua Taylor. Ndiye aliyekaa Mombasa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, wakakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji ambayo pengine yangepotea yote. Ndiye pia aliyechapisha kitabu cha methali za Waswahili mwaka 1891. Mtu huyo huyo aliyeinama kusikiliza methali za Mombasa aliinama pia kuchuma mmea huu. Lakini sampuli zake na za Kirk hazikutosha kwa wataalamu kuueleza mmea na kuupa jina. Zikawekwa kwenye makabati ya bustani ya Kew, zikakaa.

Akaja wa tatu. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mzaliwa wa 1860, alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani. Naye pia alikuwa mtu wa Kiswahili: kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani lugha yetu kilichapishwa Berlin mwaka 1890. Alilipata ua hili katika sehemu mbili, kwenye nyufa za miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na juu zaidi, ndani ya msitu wa Usambara. Akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, mzee aliyependa sana miti na maua, naye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina la ukoo wa Baron. Tangu hapo vitabu vinasema Saint Paul ndiye aliyelivumbua.

Nasimama kidogo hapa. Wasambaa walikuwa wakiishi katika milima ile karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Wajerumani kutia nanga Tanga. Wanawake wao walichota maji kwenye vijito vile vile, chini ya miamba ile ile. Baron aliliandikisha ua, akalipeleka, akalitambulisha kwa watu wengine, na kwa hilo anastahili kutajwa. Kusema alilivumbua ni kuwafuta watu waliokuwa wakilipita kila asubuhi na ndoo kichwani.

Baada ya hapo lilienda haraka. Lilioneshwa Ulaya mwaka ule ule wa 1893, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza. Katika miaka ya 1920 kampuni moja ya Los Angeles, Armacost and Royston, iliagiza mbegu kutoka Uingereza na Ujerumani, ikaotesha miche mingi, ikachagua kumi tu iliyo bora na kuipa majina. Mmoja wao ulikuwa wa bluu, ukaitwa Blue Boy, na huo ndio uliosambaa Marekani nzima. Kutoka kwake yakatokea maua ya waridi, na yenye petali zilizorundikana safu mbili. Mwaka 1946 wapenzi wake walianzisha chama chao huko Marekani, chama ambacho kipo hadi leo. Leo yapo maelfu ya maua ya kutengenezwa, meupe, ya waridi, yenye ukingo wa rangi mbili, yenye mikunjo kama kola ya gauni. Yote yana asili ya Tanga na mikoa jirani.

Kwa nini ua hili, na si mengine mengi mazuri ya milima yetu? Sababu ya kwanza ni jani. Chukua jani moja lenye kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo laini wenye unyevu au liweke kwenye glasi ya maji, subiri wiki kadhaa. Litatoa mizizi. Subiri tena, na chini yake vitachomoza vijimche, kila kimoja mmea kamili. Mtu hahitaji mbegu wala kitalu wala utaalamu. Jirani anampa jirani jani, shangazi anampa mpwa wake. Hivyo ndivyo lilivyoingia nyumba kwa nyumba.

Sababu ya pili ina uzito zaidi kwa mazungumzo yetu. Ua hili limezoea mwanga hafifu. Kwa muda mrefu sana limeishi chini ya miti mirefu, mahali ambapo jua hufika kwa vipande vidogo tu na joto halipandi wala kushuka sana. Sebule ya Ulaya yenye dirisha moja na chombo cha kupasha joto wakati wa baridi inakaribiana mno na hali hiyo. Waliolipeleka hawakuibadilisha sana tabia hiyo. Walilikuta tayari limefunzwa na msitu wetu kuishi gizani. Liweke juani wazi kwa siku chache uone: majani yanapauka, yanapata mabaka ya kahawia, yanakufa. Hata maji baridi yakidondokea jani lenye joto yanaliachia alama isiyofutika.

Kwa hiyo, msikilizaji, ninalotaka kusema jioni hii ni hili: maisha ya ua la Usambara hayamo ndani ya ua lenyewe. Yamo katika mti ulio juu yake.

Tuangalie kwa karibu zaidi. Ua hili halina asali. Linachotoa kwa mgeni ni chavua tu, nayo imefungwa ndani ya vile vifuko viwili vya njano. Havipasuki vikaimwaga ovyo. Vina tundu dogo sana, na chavua hutoka pale tu kifuko kinapotikiswa kwa mtetemo fulani. Nyuki wa asali wa mizingani hawezi mtetemo huo. Anayeweza ni nyuki wa aina nyingine, anayeishi peke yake bila mzinga. Anatua, anakishika kifuko kwa miguu, anasimamisha mabawa na kutetemesha misuli ya kifua chake. Unasikia sauti nyembamba, kali, ya muda mfupi. Chavua inamwagika tumboni mwake. Mtaalamu wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, aliwatazama nyuki hao wakifanya kazi hiyo kwenye maua ya Taita, akaandika kuwa ni wa jenasi ya Amegilla.

Kuna jambo jingine. Kile kijiti chembamba cha ua kinachopokea chavua hakisimami wima. Kinaegemea upande. Katika ua moja kinaegemea kushoto, katika jingine kulia, na yote mawili unaweza kuyakuta kwenye mmea ule ule. Nyuki akitoka kwenye ua la kushoto na chavua upande mmoja wa mwili, anapofika kwenye ua la kulia upande ule ule ndio unaogusa kijiti. Kwa njia hiyo chavua haiishii ilikotoka, inasafiri. Nimelitazama jambo hili katika maua ya chunguni nyumbani, na kila ninapolitazama namshukuru Mungu kwa uangalifu wa kazi yake.

Nyuki yule lakini hahitaji ua la Usambara peke yake. Ua moja dogo halimshibishi. Anahitaji msitu wenye maua mengine ya asali, ardhi au mti wa kujichimbia kiota, na hewa isiyo na dawa ya kunyunyizia mashamba. Mbegu nazo ni vumbi tupu. Zikidondoka mahali pakavu zimekwisha. Lazima zidondokee ukoga wa kijani unaofunika jabali lenye majimaji, na ukoga huo upo kwa sababu jua halifiki. Ondoa mti, jua linafika. Jua likifika, ukoga unakauka katika msimu mmoja wa kiangazi. Mimea mikubwa inaweza kuvumilia kidogo, ikanyong'onyea, ikabaki na majani mawili matatu ndani ya ufa. Miche mipya haitaota tena. Mtu atakayekuja mwaka unaofuata ataona ua moja limechanua na kudhani mambo ni salama.

Miti ya Usambara imekatwa kwa zamu. Wajerumani walifyeka kwa ajili ya kahawa, ambayo haikufanikiwa sana, wakaanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902 na kujaza pale miti ya kigeni kutoka kila pembe ya dunia. Baadaye yakaja mashamba ya chai, ambayo bado yapo na yanaajiri watu. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo yalivunwa kwa mitambo mikubwa katika Usambara ya Mashariki, kwa msaada wa Finland, mpaka kelele za wanasayansi na wananchi zikausimamisha uvunaji huo. Finland hiyo hiyo baadaye ikaja kufadhili uhifadhi. Na pale magogo yalipotolewa, mti wa kigeni uitwao Maesopsis, uliopandwa na Wajerumani, ulitumia nafasi. Unakua haraka mno, ndege hondohondo wanakula matunda yake na kusambaza mbegu. Leo sehemu kubwa ya msitu karibu na Amani imejaa Maesopsis. Ukiwa mbali unaona kijani na kufikiri ni msitu ule ule.

Na iko iliki. Nataka kuizungumza kwa heshima, kwa sababu iliki imesomesha watoto wengi Muheza. Mkulima wa iliki hafyeki msitu wote. Anaacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli, anasafisha mimea ya chini, anapanda. Kwa macho ya mtu wa mjini, pale bado ni msitu. Lakini kule chini hakuna mche wa mti uliobaki, kwa hiyo mti mzee ukianguka hauna mrithi. Baada ya miaka kadhaa udongo unachoka, iliki inapungua, shamba linageuzwa kuwa la miwa au mahindi, na hapo kivuli kinaisha. Serikali ilipoamua kuunganisha misitu kupitia ukanda wa Derema, katika miaka ya 2000, iliki za wakulima ziling'olewa na wakalipwa fidia. Malipo hayo yaliacha manung'uniko makubwa. Naamini msitu ule ulihitaji kuunganishwa. Naamini pia kuwa mwananchi anayepokonywa iliki leo bila kuridhika hatakuwa mlinzi wa msitu kesho, na hilo waliopanga walipaswa kulipa uzito kuliko ramani.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na hapo ua letu lina mahali pa kukaa. Ukienda utaoneshwa na waongozaji wazuri, vijana wa vijiji vya pale pale, wanaojua kila jabali. Nawapongeza. Lakini baadhi ya aina za ua hili zina makao katika majabali machache tu, na majabali hayo hayakuulizwa kama yangependa kuwa ndani ya mpaka wa hifadhi. Mengine yako kwenye vipande vya msitu wa kijiji, mengine kando ya shamba la mtu.

Sasa nirudi Taita kama nilivyoahidi. Ile aina ya huko inaitwa teitensis. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Brian Laurence Burtt, aliieleza mwaka 1958. Inapatikana katika msitu wa Mbololo peke yake. Ukiutazama ukiwa barabarani Voi, Mbololo ni kofia ya kijani juu ya mlima, na chini yake pande zote ni mashamba. Kofia hiyo ikiungua mara moja katika mwaka mbaya wa ukame, hakuna Mbololo nyingine popote. Na bado watu wa Taita wamekuwa na desturi ya kale ya kuacha misitu midogo mitakatifu, ile wanayoiita fighi, isikatwe wala isiingiwe ovyo. Vivyo hivyo kule Kaloleni, Kilifi, kwenye majabali ya Cha Simba, ua jamaa ya hili linaishi katika nyanda za chini za pwani, mahali pasipo na baridi yoyote ya mlima. Limeweza kwa sababu jabali ni la kivuli na watu wa pale walipaheshimu. Hii inatuonesha kwamba kimo cha mlima kinasaidia tu kwa kuleta ukungu, na kivuli ndicho chenye amri.

Najua wako watakaoniuliza: mzee, watu wana njaa, wewe unatuletea habari za ua? Nawajibu kwa maji. Mji wa Tanga unakunywa maji ya Mto Zigi, na Mto Zigi unatoka katika misitu ya Usambara ya Mashariki. Dar es Salaam, na mamilioni yake yote ya watu, inategemea Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia Uluguru, mlima wa ile pusilla ndogo niliyoitaja. Ukungu unaonywesha ukoga wa jabali ndio huo huo unaochuruzika kwenye majani, ukaingia ardhini, ukatoka kijitoni wakati wa kiangazi. Mahali ua hili linapochanua, ujue maji bado yapo. Mahali lilipokauka, chunguza kijito cha chini yake. Fundi bomba wa Tanga na nyuki wa Amani wanategemea kitu kimoja.

Liko pia suala la haki, na sitalikwepa. Biashara ya ua hili imetajirisha vitalu vya Ulaya na Marekani kwa vizazi kadhaa. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulikubali kwamba nchi ina mamlaka juu ya mimea yake ya asili, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaweka utaratibu wa kugawana faida. Zote mbili zilikuja takriban karne moja baada ya Baron kupeleka mmea wake, na mtu hawezi kwenda kudai mlangoni kwa Blue Boy. Lakini wazalishaji wa maua bado wanazihitaji aina za porini. Ile ya Amani inayotambaa ndiyo iliyowapa maua ya kuning'inia kwenye vikapu; ile ya Shume imetumika kutengeneza maua madogo madogo yanayopendwa sana. Zilizobaki majabalini zina tabia nyingine ambazo hakuna aliyezitumia. Hizo ni mali yetu, na sheria sasa iko upande wetu, kwa sharti moja: ziwepo.

Kinachoniuma ni kwamba vyungu vya ua hili vinavyouzwa katika maduka ya miji yetu mara nyingi ni vya aina zilizotengenezwa nje, wakati mama wa Muheza au kijana wa Lushoto angeweza kuotesha mamia kwa jani moja moja na kuyauza kwa watalii na kwa hoteli za Tanga na Zanzibar. Mmea wa kuanzia upatikane kwa kibali kutoka bustani au kituo cha utafiti, usichukuliwe mwambani. Halmashauri ambayo kila mwaka inatafuta mradi wa vijana, huu hapa. Mtaji wake ni jani, kopo la plastiki, udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga, na baraza lenye kivuli. Shule za Muheza, Lushoto, Mvomero, Morogoro na Wundanyi zingeweza kuwa na meza moja ya maua haya, watoto wakajifunza uchavushaji kwa kutazama ua la mlima wao wenyewe badala ya mchoro wa kitabuni.

Na sasa maombi yangu ni machache. Wewe mtalii wa ndani, na mwanafunzi unayekwenda matembezi ya shule, ukilikuta ua hili porini lipige picha, uliache. Jabali likishanyang'anywa mimea mitano linaweza kuwa limemaliza. Wewe mwenyekiti wa kijiji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Isimamie, hata anayekiuka akiwa ndugu yako. Wewe bwana au bibi misitu, unapoandika orodha ya miti ya asili ya kupandwa, weka miti ya milima hii, usilete tena ya kukua haraka kutoka mbali. Tumeshaona Maesopsis ilitufanyia nini.

Na wewe mkulima, mwenye shamba lililopakana na jabali lenye unyevu, Usambara, Nguru, Uluguru au Taita, sikuombi uache kulima. Lima. Nakuomba mti ulio juu ya jabali hilo usiukate, na ukianguka wenyewe kwa uzee, panda mwingine wa aina ile ile pale pale.